Ndau na ng'ambo yake: Jinsi nchi yenye wenyewe ilivyogeuzwa 'tupu' kwa kalamu

KISIWA cha Ndau ni kidogo. Kiko upande wa mashariki wa funguvisiwa la Lamu, jirani na Pate na Kiwayu, na wakazi wake, wengi wao Wabajuni, huishi kwa uvuvi. Maji yao ya kunywa hutegemea sana mvua inayokingwa katika majabia, kwa kuwa ardhi ya visiwa hivi ni ya mwamba wa matumbawe na udongo wake ni haba.

Lakini mtu akisimama ufuoni na kutazama upande wa bara, ataona nchi nyingine kabisa: misitu ya mikoko ukingoni, kisha pori linaloendelea hadi mbali. Huko ng'ambo ndiko wazee wa visiwani walikovuka kwenda kulima mtama, ufuta, mahindi na pamba, kisha wakarudi kisiwani kuvua. Kwa mkazi wa visiwa hivi, bahari na konde la ng'ambo vilikuwa mikono miwili ya mwili mmoja.

Nchi hiyo ya ng'ambo ni ya nani? Sheria ya Kenya inalo jibu lenye tarehe. Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, ilieleza kwamba dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi ni zile zilizotendeka kati ya Juni 15, 1895 na Agosti 27, 2010. Tarehe ya kwanza ni ile Uingereza ilipoitangaza nchi hii kuwa chini ya himaya yake. Ya pili ni siku Katiba mpya ilipozinduliwa.

Kwa maneno mengine, saa ya sheria huanza kuhesabu mwaka wa 1895. Ili kufahamu kilichoachwa nje ya saa hiyo, ni sharti turudi nyuma sana, na si vibaya njiani kuitupia jicho Amerika, bara ambalo historia yake nayo ilisimuliwa kwa muda mrefu kana kwamba lilizaliwa siku meli ya Mzungu ilipotia nanga.

WALIOTANGULIA

Vitabu vingi vya shule vilikuwa vikianza historia ya Amerika mwaka wa 1492, Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi. Vivyo hivyo, Mkenya wa kawaida akiulizwa kuhusu Pwani na Wazungu, ataanza na Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498. Tofauti ya miaka hiyo miwili ni 6 tu, na kosa la kuanzia hapo ni moja.

Katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, watafiti walitangaza mwaka wa 2021 kwamba nyayo za binadamu zilizohifadhika katika eneo la White Sands zina umri wa kati ya miaka 21,000 na 23,000. Mwaka huo huo, watafiti wengine walieleza kuhusu kaburi la mtoto mdogo lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi. Mtoto huyo alizikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale zaidi la mwanadamu wa leo lililowahi kutambuliwa barani Afrika. Pwani, basi, ilikuwa na watu waliowazika wapendwa wao kwa heshima makumi ya maelfu ya miaka kabla ya chombo chochote kutoka ng'ambo kuonekana.

Katika eneo la Lamu kwenyewe, dalili za waliotangulia zingali zinasikika vinywani mwa watu. Ipo lugha ambayo wataalamu huiita Kidahalo, inayozungumzwa na watu mia kadhaa tu upande wa bara. Miongoni mwa sauti zake zimo sauti za kidoko, zile zinazotamkwa kwa kuulisha ulimi kama wafanyavyo Wasandawe wa Tanzania na jamii za Wakhoisan kusini mwa Afrika. Wanaisimu wengi huziona sauti hizo kuwa mabaki ya lugha za kale sana za wawindaji.

Wapo pia Waaweer, ambao majirani wamezoea kuwaita Waboni, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi. Hawa wameishi kwa kuwinda, kurina asali na kukusanya matunda katika misitu inayoanzia nyuma ya mikoko hadi mpaka wa Somalia. Vijiji vyao, kama Basuba, Mangai, Milimani na Kiangwe, viko katika bara lile lile linalotazamana na visiwa vya mashariki.

Kisha wakaja wakulima na wavuvi wa Kibantu. Lugha zao ndizo zilizozaa kundi ambalo wanaisimu huliita Kisabaki, lenye Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro. Wabajuni, wanaoitwa pia Watikuu, husimulia kwamba chimbuko lao ni Shungwaya, nchi ya kaskazini ambayo pia hutajwa katika simulizi za Wamijikenda.

Kuhusu makazi ya watu hawa ushahidi ni wa udongo na mawe. Huko Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta kijiji kilichoanza katikati ya karne ya 8. Vyungu vyake vya mwanzo vilikuwa vya Kiafrika, vya aina iliyotumika Pwani na bara. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine iliyojengwa kwa miti, mmoja juu ya mwingine. Shanga ilidumu hadi mapema karne ya 15 ilipohamwa. Katika kisiwa cha Manda, Neville Chittick naye alifukua mji uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9.

Ili kulinganisha, mji mkubwa zaidi wa wenyeji kaskazini mwa Mexico, Cahokia, uliokuwa karibu na ilipo St. Louis ya leo, ulistawi takriban kati ya 1050 na 1350. Huo ni wakati ambao Shanga ilikuwa tayari imeona vizazi vingi. Si Amerika wala Pwani ya Afrika Mashariki iliyokuwa nchi ya kusubiri kugunduliwa.

MGENI ALIYEOA

Wageni walikuja Lamu tangu kale, na namna walivyopokewa ndiyo iliyoipa Pwani sura yake. Mwaka wa 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800, wakiwemo wa Manda na Faza katika funguvisiwa la Lamu. Matokeo yalionyesha kwamba wengi wa watu hao walikuwa na asili mbili: ya Afrika, iliyotoka hasa upande wa akina mama, na ya Asia, ambayo kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka wa 1000. Baada ya 1500, asili ya Uarabuni ikaanza kuongezeka.

Matokeo hayo yanawiana na simulizi za wazee kwa kiasi kilichowashangaza wengi. Mgeni alifika na jahazi lake, akaoa, akajifunza lugha ya mkewe, watoto wake wakawa watu wa mji. Lugha iliyobaki ni ya Kiafrika, ingawa ilibeba msamiati wa bahari na dini. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wakipiga porojo. Walikuwa wakieleza mkataba. Mgeni alileta bidhaa na elimu, mwenyeji akatoa nchi ya kukaa, lakini nchi yenyewe haikubadilisha mikono.

Si kwamba miji hiyo ilikuwa pepo ya duniani. Watu walitumikishwa kama watumwa, na katika karne ya 19 mashamba mengi ya bara la Lamu yalilimwa na watumwa wa wenye miji. Ukweli huo unapasa kukumbukwa kila neno "mwenyeji" linapotajwa, maana miongoni mwa walioijua ardhi hiyo kwa jasho lao wamo ambao hawakuwahi kuitwa wenyeji.

MIAKA 200 YA MIZINGA

Aliyefika mwaka wa 1498 alikuwa mgeni wa aina nyingine. Miaka 5 kabla, mwaka wa 1493, Papa Alexander wa Sita alikuwa ametoa barua zilizoipa Uhispania haki juu ya nchi zilizokuwa zikifikiwa upande wa magharibi. Mwaka wa 1494, kwa Mkataba wa Tordesillas, Uhispania na Ureno zikagawana njia za bahari kwa mstari mmoja uliochorwa katika Atlantiki. Sehemu kubwa ya Amerika ikaangukia Uhispania. Pwani ya Afrika ikaangukia Ureno. Hakuna mkazi hata mmoja wa Lamu wala wa Mexico aliyeulizwa.

Matunda ya mstari huo yalionekana upesi. Mwaka wa 1506 manowari za Tristão da Cunha zilitokea Lamu, na mtawala wa mji akakubali kulipa kodi ya kila mwaka ili mji usiteketezwe. Miji jirani iliyokataa ilichomwa.

Waliokaa kaskazini hawakutulia. Katika miaka ya 1585 na 1586, nahodha Mturuki Mir Ali Bey alipita Pwani, na miji kadhaa ikamkaribisha kwa matumaini ya kuwatoa Wareno. Malipizi yalikuwa ya kutisha. Mwaka wa 1587 meli za vita kutoka Goa ziliivamia Faza, zikaua watu, zikachoma mji na kukata minazi. Mwaka wa 1589, baada ya Mir Ali Bey kukamatwa Mombasa, mtawala wa Lamu alikatwa kichwa hadharani mjini Pate, na Manda ikabomolewa kuta zake.

Ushahidi mwingine umechongwa katika jiwe juu ya lango la Fort Jesus, Mombasa. Maandishi hayo ya mwaka wa 1639 yanamsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuwatiisha wakazi wa Pwani, kuwatoza kodi wafalme wa Manda na kwingineko, na kuziadhibu Pate na Siyu kwa adhabu ambayo, kwa maneno ya mchongaji, haikuwa imepata kuonekana, hata kuta za miji zikabomolewa. Mwaka wa 1678 Wareno walirudi tena Pate, na watawala wa Pate, Siyu, Lamu na Manda wakauawa.

Hata hivyo, Desemba 1698 Fort Jesus ilitekwa na Waomani baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miaka 3. Wareno walirejea kwa muda mfupi mwaka wa 1728, na mwaka uliofuata wakafukuzwa kabisa. Baada ya miaka 200 ya mizinga, watu wa Faza walikuwa bado Faza, wa Siyu bado Siyu, na wavuvi wa visiwa vya mashariki bado walikuwa na bahari yao na makonde yao.

KWA NINI PWANI HAIKUWA AMERIKA

Hapa ndipo pa kujiuliza. Katika Amerika, watu wachache wenye bunduki na farasi walipindua himaya kubwa katika muda wa miaka michache. Mbona Ureno hiyo hiyo, iliyofanikiwa kuishika Brazili, haikuweza kuishika Lamu?

Sababu ya kwanza ni maradhi. Wenyeji wa Amerika walikuwa wametengana na Dunia ya Kale kwa maelfu ya miaka. Ndui na surua zilipowafikia, miili yao haikuwa na kinga. Makadirio ya watafiti kadhaa ni kwamba takriban asilimia 90 ya watu wa Amerika walikuwa wametoweka ilipofika mwaka wa 1600. Walowezi wa Kiingereza waliofika Plymouth mwaka wa 1620 walipiga kambi penye kijiji ambacho watu wake walikuwa wamefagiliwa na maradhi miaka michache kabla. Mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa, ila wenyewe walikuwa makaburini.

Pwani ya Afrika Mashariki haikufagiliwa hivyo. Kwa karne nyingi majahazi ya pepo za kaskazi na kusi yalikuwa yameiunganisha na Uarabuni, Uajemi na Uhindi, na maradhi ya Dunia ya Kale hayakuwa mageni. Kinyume chake, malaria ndiyo iliyowaangamiza Wareno katika ngome zao.

Sababu ya pili ni walowezi. Ureno haikuleta Lamu familia za wakulima. Ilileta mabaharia, askari, wakusanya kodi na mapadri wachache. Katika Virginia, Waingereza walianza Jamestown mwaka wa 1607 na kuendelea kumiminika, wakitaka ardhi ya kulima tumbaku. Mwaka wa 1619 walinunua huko Waafrika wa kwanza, waliokuwa wametekwa Angola na kupakiwa katika meli ya Ureno. Kwa hiyo, ardhi ilipokwisha kuondolewa wenyewe, wakaletwa wengine wa kuilima kwa nguvu.

Ureno iliacha nini Lamu? Iliacha maneno: meza, leso, bendera, karata na mvinyo. Iliacha pia neno gereza, ambalo asili yake ni jina la Kireno la kanisa, na safari ya neno hilo kutoka ibada hadi kifungo inaeleza mengi. Tena ilileta mimea ya Amerika. Mahindi, licha ya jina lake kudokeza Uhindi, yalitoka Amerika, sawa na muhogo, papai, nanasi na korosho. Mkazi wa Ndau anapokula muhogo wa nazi, anakula zao la wenyeji wa Amerika bila kujua kilichowapata waliolivumbua.

KALAMU

Kilichowashinda wenye mizinga kwa miaka 200, wenye kalamu walikifanya kwa miaka 30 hivi.

Mwaka wa 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana jinsi ya kuyatambua maeneo ya Sultani wa Zanzibar. Kabla ya hapo, tume ya wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilikuwa imepita Pwani kuchunguza, Mwingereza akiwa Herbert Kitchener. Sultani alitambuliwa kuwa na ukanda wa maili 10 kutoka kusini hadi Kipini, mdomoni mwa mto Tana, pamoja na visiwa vilivyotajwa, Lamu kikiwemo. Pate na Manda havikutajwa. Bara la kaskazini mwa Kipini, ambamo mna makonde ya watu wa visiwani, likabaki nje ya ukanda.

Ubishi ukazuka. Wajerumani, waliokuwa wamejiimarisha Witu tangu 1885 kupitia ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt, walidai Manda na Pate ni sehemu ya Witu. Ugomvi kuhusu ukusanyaji wa ushuru wa forodha Lamu ulipelekwa kwa mwamuzi, Baron Lambermont wa Ubelgiji, aliyetoa uamuzi wake Agosti 1889. Oktoba mwaka huo Ujerumani ikatangaza himaya juu ya pwani yote kutoka Witu hadi Kismayu. Kisha, Julai 1, 1890, ikayaachia hayo yote kwa Uingereza katika mapatano yaliyoipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland huko Ulaya. Miezi 3 baadaye wanajeshi wa Uingereza waliuteketeza mji wa Witu kulipiza kisasi cha kuuawa kwa Wajerumani kadhaa.

Hebu zingatia tarehe hizo. Katika muda wa miaka 4, nchi iliyo ng'ambo ya Ndau ilitolewa kwa mmoja, ikadaiwa na mwingine, ikabadilishwa kwa kisiwa cha Ulaya. Na yote hayo yalitendeka kabla ya Juni 15, 1895, siku ambayo sheria ya leo inaanza kuhesabu dhuluma.

Likafuata suala la ardhi yenyewe. Mwaka wa 1899 wanasheria wa serikali ya Uingereza walitoa rai kwamba, katika himaya isiyokuwa na utawala waliouona kuwa imara, ardhi tupu isiyokaliwa ingeweza kugawanywa na Mfalme au Malkia. Mwaka wa 1902 ikapitishwa sheria ya ardhi ya Mfalme. Mwaka wa 1908 sheria ya hati za ardhi ikawataka wenye madai Pwani wafike mbele ya msajili na kuthibitisha. Kile ambacho hakikudaiwa kingehesabiwa kuwa cha Mfalme. Mwaka wa 1915 sheria mpya ikaijumuisha hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika. Mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Jacob Barth akaamua kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, wakikaa kwa hiari yake.

Maneno ya Barth hayakuwa mapya. Mwaka wa 1823, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Johnson na M'Intosh, ilikuwa imeamua kwamba wenyeji wa Amerika walikuwa na haki ya kukaa tu, ilhali milki ilikuwa ya taifa lililogundua. Uamuzi huo uliegemea dhana iliyokuwa na mizizi katika barua za Papa za karne ya 15. Dhana ikazunguka dunia, ikafika Lamu baada ya miaka 400. Machi 30, 2023, Vatican iliikana rasmi dhana hiyo ya ugunduzi.

PORI SI UTUPU

Kwa nini nchi ya ng'ambo ilionekana tupu machoni pa mwenye ramani? Kwa sababu hakujua kusoma alichokiona.

Mkulima wa Kibajuni alifyeka konde, akalilima misimu michache, kisha akaliacha lipumzike na kuhamia jingine. Pori lililomea juu ya konde la zamani lilikuwa akiba. Aidha, si kila mwaka watu walithubutu kulala bara, kwani katika karne za 17 hadi 19 yalikuwepo mashambulizi ya mara kwa mara na vijiji vikahama. Hali ilipotulia, watu walirejea. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka wa 1907, mashamba makubwa yaliyotegemea watumwa yaliporomoka, na yaliyokuwa wazi yakageuka vichaka. Mwaka uliofuata ndipo ikaja sheria ya kudai hati. Kwa Mwaaweer mambo yalikuwa magumu zaidi: miliki yake ilikuwa mizinga ya asali mitini na njia za wanyama, vitu ambavyo fomu ya msajili haikuwa na nafasi yake.

Mpaka nao ulihama. Kwa mkataba wa 1924 Uingereza iliipa Italia Jubaland, na mwaka wa 1925 Wabajuni wakajikuta wamegawanywa: wa visiwa vya kusini mwa Kismayu upande mmoja, wa Kiunga, Kiwayu na Ndau upande wa pili. Ndugu waliovuka kwa mashua kwenda arusini wakawa raia wa nchi mbili.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, ardhi ya Mfalme ilibadilishwa jina ikawa ardhi ya Serikali. Wakati huo huo vita vya Shifta, vilivyodumu hadi 1967, viliwatoa Wabajuni wa vijiji vya bara na kuwafukuzia visiwani na katika miji kama Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi. Mwaka wa 1976 yakatangazwa mapori ya hifadhi ya Boni na Dodori, mwaka wa 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote, na mwaka wa 1979 ikaundwa hifadhi ya bahari ya Kiunga. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na uhifadhi wa wanyama na samaki si jambo baya. Lakini kila hatua ilijengwa juu ya ile ya kwanza: kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe.

KILICHO HATARINI

Katiba ya 2010 ilifungua mlango. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, na kinataja waziwazi ardhi za mababu na nchi zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaweka utaratibu wa kuisajili. Lakini utaratibu wa dhuluma za kihistoria uliwekewa miaka 5 ya kuwasilisha madai, muda uliokwisha Septemba 2021. Mvuvi wa kisiwa cha mbali, asiye na hati wala wakili, alitakiwa kushindana na kalenda.

Wakati huo huo thamani ya ardhi ya Lamu ilikuwa ikipanda. Mradi wa bandari ya Lamu na ushoroba wake wa kwenda Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Penye barabara na bandari, pori la jana huwa kiwanja cha leo.

Hata hivyo, historia imeanza kusikilizwa mahakamani. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ujenzi wa bandari ulikiuka haki za wavuvi wa Lamu, zikiwemo haki zao za jadi za kuvua, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika yenye makao Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek katika msitu wa Mau. Na huko Marekani, Julai 2020, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya McGirt kwamba nchi iliyotengewa taifa la Creek huko Oklahoma kwa mikataba ya karne ya 19 ilikuwa haijawahi kufutwa kisheria.

Tofauti ni kwamba Wacreek walikuwa na mikataba ya kuonyesha, hata kama ilivunjwa mara nyingi. Wabajuni na Waaweer hawakuwahi kutia saini na yeyote kuhusu konde wala msitu. Mikataba ya 1886 na 1890 iliwahusu wao bila kuwashirikisha. Kumtaka leo mtu wa aina hiyo alete karatasi ni kumtaka alete kile ambacho aliyemnyang'anya hakumpa.

Lakini ushahidi upo kwa anayetaka kuusoma. Upo katika magofu ya Ishakani, kaskazini mwa Kiunga, yenye makaburi ya mawe yaliyojengwa kwa ustadi. Upo katika visima, misikiti ya zamani na mibuyu inayoonyesha vilikokuwa vijiji, na katika majina ya mahali ambayo wazee wa visiwani huyataja moja baada ya jingine wakielekeza kidole ng'ambo. Upo pia katika sauti za kidoko za watu mia kadhaa waliosalia na lugha yao.

Wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka. Kila mzee anayezikwa Ndau au Basuba huondoka na mipaka ambayo haikupata kuandikwa. Kazi ya kuyakusanya majina, kuyapiga picha makaburi na kuchora ramani ya makonde ya zamani haihitaji kungoja bunge wala mahakama. Vijana wa Ndau wanaweza kuianza hata leo, wakiwa na mashua moja, mzee mmoja na daftari, ili siku ya kuulizwa wawe nao wana maandishi ya kuweka mezani.